Figo za Mama Devota

Wanangu mnaoanza uuguzi, na ninyi wengine mtakaouguza wazazi wenu bila kuvaa gauni jeupe, aibu tuiweke pembeni kwanza. Watu wakinikuta sokoni Ujiji nachagua migebuka huniuliza, "Sista Zaituni, sasa umestaafu, unakumbuka nini huko wodini?" Wanatarajia nitaje watoto waliopona, au madaktari wakubwa niliofanya nao kazi. Mimi nawajibu kwamba nakumbuka mkojo. Muuza samaki anacheka mpaka anasahau kunirudishia chenji, na mimi nasimama palepale namsubiri.

Sifanyi mzaha. Nimefanya kazi wodi ya wanawake hapa Kigoma tangu nikiwa binti mwembamba, na huyu mnene mnayemwona alitokea hukohuko kazini, kwa uji wa wagonjwa waliokataa kula. Katika miaka yote hiyo nimegundua kwamba kila mtu anajua malaria ni homa, kutetemeka, kichwa na kutapika. Mtu akianza kuweweseka, ndugu zake wanajua imepanda kichwani na wanamkimbiza hospitali hata kwa baiskeli. Lakini malaria inayoshuka kwenye figo haina kelele. Mgonjwa anaongea na kukusalimia, hata homa inaweza kuwa imeshuka, na huku ndani mlango umefungwa.

Aliyenifundisha kuutazama mlango huo ni Sista Filomena, mkuu wetu wa wodi. Mwanamke mfupi, sauti ya chini, na ukimkosea hakufokei, anakutazama tu mpaka unajikosoa mwenyewe. Sisi wanafunzi tulikuwa tukiingia asubuhi na vipima joto vyetu, tunajiona madaktari watarajiwa. Yeye anachukua kopo la mkojo chini ya kitanda, anatukabidhi, anatupeleka dirishani kwenye mwanga. "Semeni mnachokiona." Mwenzetu mmoja alijiziba pua. Sista Filomena akamwambia kwa upole, "Mwanangu, pua ni ya kwako, lakini hicho kilichomo ni barua ya huyu mama, na wewe ndiye uliyetumwa kuisoma." Huyo mwenzetu sasa ni mkuu wa wodi mkoa mwingine, na bado nikimpigia simu namkumbusha pua yake.

Zamani zile tulitibu malaria kali kwa kwinini ya dripu. Dawa nzuri, imeokoa wengi, lakini ilikuwa na vituko vyake. Masikio yanavuma, sukari inashuka, mgonjwa anaota akiwa macho. Bibi mmoja wa Mwandiga alishuka kitandani akaanza kupekua chini ya godoro, anatafuta nyuki. Tukamsaidia kutafuta, maana kubishana naye kungemchosha bure. Siku hizi mna sindano ya artesunate, na kipimo cha haraka kinachotoa jibu kabla chai haijapoa. Nawaonea wivu, nawaambia ukweli. Ila hakuna kipimo cha haraka cha mtu kusema kama amekojoa au la, na hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka.

Kwanza mwelewe kinachotokea. Mdudu wa malaria anaingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe ikishaingiliwa inakuwa ya kunata, inagandia kwenye kuta za mishipa ile midogomidogo, na damu inapita kwa taabu. Chembe nyingine zinapasuka, na rangi iliyokuwa ndani yake inamwagika, inafika kwenye figo na kuziumiza. Ndiyo maana wagonjwa wengine mkojo wao hugeuka mweusi. Juu ya hayo mtu ametapika, ameungua kwa homa, hajanywa kitu, na pengine kapita duka la dawa akachomwa sindano ya maumivu ambayo nayo ni adui wa figo zilizochoka. Figo zinakosa damu ya kutosha na zinaacha kuchuja. Akina mama waliozoea kukamua mawese nilikuwa nawaambia ni sawa na chujio lililojaa makapi, na walikuwa wananielewa papo hapo.

Sasa niwaambie habari ya Mama Devota, mgonjwa niliyemuuguza muda mfupi kabla sijastaafu.

Alikuwa mama wa makamo kutoka Kalinzi, kule juu kwenye baridi na kahawa. Alishuka ziwani kwa jambo la furaha. Binti yake Devota aliolewa Bangwe, na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza kwa upasuaji. Mama akaja kumwosha mtoto na kumkanda binti yake, kama mama yeyote angefanya. Mtu wa milimani ambako mbu ni wachache, akija kulala huku chini bila chandarua, malaria inamkuta hajaizoea. Alianza kutetemeka, akasema ni uchovu wa safari. Akameza vidonge vya maumivu, akaendelea kuosha mtoto. Alipoletwa kwetu alikuwa wa manjano machoni, hawezi kusimama.

Aliyemleta ni mkwe wake, Jafeti, mume wa Devota, fundi wa injini za boti. Kijana mwenye mikono yenye grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga. Devota mwenyewe alikuwa na mshono mbichi na kichanga, hakuweza kutoka. Ndugu wengine walikuwa Kalinzi, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Kwa hiyo msimamizi wa mgonjwa alikuwa ni Jafeti peke yake.

Vijana wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu meza moja mnachekeana, na mimi sioni ubaya. Lakini Mama Devota na Jafeti walikuwa wamelelewa kwa adabu ya zamani. Mkwe hamkaribii mama mkwe wake, hamtazami usoni, hakai alipokaa yeye. Jafeti alimbeba kutoka kwenye bajaji siku ile kwa sababu hakukuwa na mwingine, na alipomlaza kitandani alitoka nje akiwa anatetemeka kuliko mgonjwa. Tangu hapo hakuingia tena. Alisimama chini ya dirisha, kwenye maua, kutwa nzima.

Na kwa upendo wake wote alikuwa analeta maji. Kila mtu aliyempigia simu alimwambia, figo zinataka maji, mnyweshe maji mengi. Basi chupa za maji ya kuchemsha, uji wa ulezi, chai, vyote vinapitishwa dirishani kwa mama wa kitanda cha jirani, Mama Mwajuma wa Ujiji, aliyekuwa amelazwa kwa presha na hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kuongea. Mama Mwajuma anapokea, anamnywesha mwenzake, anafurahi kwamba anafanya wema.

Sasa angalieni kilichotokea. Asubuhi muuguzi anapita na kuuliza kwa sauti ileile tunayoulizia wote, wodi nzima inasikia, "Mama Devota, umekojoa?" Mama anajibu, "Ndiyo, tayari." Daktari wetu, kijana makini sana, anaambiwa mgonjwa anakojoa vizuri, naye kwa haki kabisa anaendelea na dripu. Nilipoingia zamu niliona miguu ya yule mama imejaa, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Nikauliza swali lilelile. Akajibu, "Ndiyo, sista." Ila kabla ya kujibu aligeuza macho dirishani.

Nikachungulia. Jafeti yuko kwenye maua, sikio lake na kitanda cha mama mkwe vimetengana kwa ukuta tu.

Nikatoka nje nikamwomba akanitafutie sabuni ya kipande, na nisingependa aina nyingine yoyote ila ile ya bluu, ambayo najua haipatikani karibu. Alipoondoka nikarudi, nikakaa kitandani, nikamshika mkono yule mama, nikamnong'oneza, "Mwakeye, dada." Alisikia Kiha akalegea. Mimi Kiha changu ni cha kuombea maji tu, lakini salamu naijua. Nikamwambia, "Mkwe ameenda dukani. Niambie mimi."

Akafunga macho. "Sista, tangu nije hapa hakuna kitu. Nawezaje kusema na mtoto wa watu amesimama pale?"

Nawaambia hili wanangu ili mkitoka hapa mlichukue: swali la mkojo huulizwa kwa kunong'ona, na kwanza unatazama nani yuko jirani. Mgonjwa hakudanganyi kwa ubaya. Yule mama alikuwa radhi afe kuliko mkwe wake alisikie lile neno, na alikuwa kweli njiani kufa.

Tukamwita daktari. Tukaweka mpira wa mkojo, tukapata kidogo tu, cheusi. Mama Devota alikitazama akasema taratibu, "Hiyo ni kahawa ya kwetu." Nilicheka, na machozi yakanilenga. Daktari akafunga dripu mara moja, akamkalisha wima kwa sababu kifua kilikuwa kimeanza kujaa, damu ikapelekwa maabara. Majibu yakarudi kama tulivyohofia. Figo zilikuwa zimefunga, na yale maji yote ya huruma yalikuwa yanapanda kwenye mapafu.

Daktari alinivuta pembeni akaniambia kwa uwazi. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa mbali na sisi wakati ule, na kwa hali ile njiani angeweza kutuishia. Lakini figo zilizoumizwa na malaria mara nyingi hurudi zenyewe, mgonjwa akivushwa salama mpaka zitakapoamka. Kumvusha maana yake ni dawa ya malaria kwa wakati, kutomchoma chochote kinachoumiza figo, hakuna ndizi wala parachichi, maana zina madini ambayo figo zilizofunga haziwezi kuyatoa, na maji kwa kipimo. Kikombe kidogo, kwa saa zake, basi. Kifua kikijaa tena, au akianza kuchanganyikiwa, anasafirishwa hivyohivyo.

Kumnyima mtu wa Kalinzi ndizi ni shida ndogo. Kumnyima mtu mwenye kiu maji, kwenye wodi ya wanawake wenye huruma ya Kigoma, hiyo ndiyo kazi. Nilijua nikigeuza mgongo tu Mama Mwajuma atampa. Nilihitaji mtu wa kukaa pale kutwa na kulinda maji, na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Nilimkuta Jafeti amerudi na sabuni ya bluu. Sijui aliipata wapi mpaka leo. Nikamweleza habari ya chembe zinazonata na figo zilizoziba. Alisikiliza akiwa anajikwangua grisi kwenye kucha.

"Kumbe ni filta," akasema.

"Ni filta."

"Filta ikiziba huongezi mafuta. Unasubiri isafishwe."

"Ndiyo hivyo. Sasa nataka ukae karibu naye umlinde asinywe."

Akanitazama kama vile nimemtukana mama yake. "Mimi? Nimnyime mama mkwe maji? Sista, hata kumpa tu kwa mkono wangu sijawahi. Nianze kwa kumnyima?"

Mimi nina hasira za karibu, waliofanya kazi nami wanajua. Nikamwambia kwamba heshima yake imeshamjaza mama wa watu maji mpaka kifuani, na kama anataka kumheshimu maiti, aendelee kusimama kwenye maua. Papo hapo nikajuta ukali wangu, nikamshika bega. Alikuwa mtoto mdogo tu, baba wa kichanga, hajalala vizuri tangu mkewe apasuliwe.

"Basi nipe hicho kikombe," akasema mwisho. "Lakini nisimtazame."

Tukahamisha kitanda cha Mama Devota karibu na mlango wa barazani. Jafeti akawekewa kiti nje ya mlango, ameipa wodi mgongo, na kikombe na chupa viko miguuni pake. Hapo akina mama wengine hawakulalamika kwamba kuna mwanaume wodini, na yeye hakuvunja adabu yake. Saa ya maji ikifika anamimina, anapitisha kikombe nyuma ya mgongo bila kugeuka, Mama Mwajuma anakipokea na kumpa mgonjwa.

Na maneno yakawa yanapita njia hiyohiyo. Mama Devota anasema, "Mwambie mkwe wangu kiu inaniua." Mama Mwajuma anageuka mlangoni, "Anasema kiu inamuua." Jafeti, umbali wa hatua mbili, amesikia yote, anajibu, "Mwambie mama avumilie, bado kidogo." Mama Mwajuma anageuka tena, "Anasema uvumilie." Alikuwa anaongeza na ya kwake pia, tukamkataza. Nilikuwa napita na trei yangu nacheka, huku moyo unaniuma.

Kiu ile msiichukulie kawaida. Midomo inapasuka, ulimi unakuwa mzito, mtu anaota mto. Tulimpaka mafuta midomoni, tukampa kitambaa chenye maji afyonze. Ilipomzidia, Jafeti alikuwa anapiga simu Bangwe, anaweka sauti kubwa, anaisogeza simu kizingitini. Devota anamweka mtoto karibu, na wodi nzima inamsikiliza kichanga akilia, akinyonya, akipiga chafya. Mama Devota alikuwa ananyamaza kabisa wakati huo. Siwezi kueleza kitabibu, lakini niliona kiu ikimwacha kidogo.

Kisha ikaja siku mbaya. Aliamka mzito, ingawa akili haikuchanganyikiwa, akawa haongei sana, na aliposema alisema maneno makali. "Mwambie huyo mtoto wa watu ana roho ya jiwe. Mwambie kwamba binti yangu hakuolewa na mtu." Mama Mwajuma kwa mara ya kwanza alikataa kupeleka ujumbe. Haikusaidia, Jafeti alikuwa amesikia. Nikaona kiti kitupu.

Nilimkuta bombani nyuma ya jengo, amejaza chupa kubwa hadi shingoni. Analia waziwazi kama mtoto.

"Sista, nampa. Akifa na kiu, Devota nitamwambia nini?"

Wakati kama huo msijifanye mna jibu la uhakika. Nilimwambia ninachokijua: "Asubuhi nimemsikiliza kifua, kimepungua kujaa. Ni wewe umekipunguza, kwa kikombe kile. Ukimpa hiyo chupa tunarudi mwanzo, na mara ya pili sijui kama atavuka." Aliitazama chupa kwa muda, kisha akaimwaga kwenye maua, polepole, yote. Akarudi kwenye kiti chake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nabadilisha mashuka kitanda cha tatu. Ule mpira tulikuwa tumeshautoa, maana mpira usiopitisha kitu ni njia ya wadudu tu. Mama Devota akaniita kwa kidole, akanong'ona anataka chombo. Nilivuta pazia haraka nikajikwaa. Nikamsaidia kukaa, nikasubiri, na nikasikia ile sauti. Wanangu, nimesikiliza kwaya na kasida na maulidi ya Ujiji, sijasikia kitu kizuri vile. Nilimimina kwenye kopo la kupimia, nikalipeleka dirishani kwenye mwanga kama Sista Filomena alivyonifundisha. Rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na kiasi ambacho hatukuwa tumekiona tangu aje. Daktari alikuja akalitazama lile kopo, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akalitazama tena. Akaniambia kuanzia sasa maji yaongezwe, maana figo zikiamka hutoa mengi, na usipomfidia anakauka.

Mama Mwajuma alitaka kupiga kigelegele nikamziba mdomo kwa mkono, kuna wagonjwa wamelala. Akajizuia, akageukia mlangoni kupeleka habari kama kawaida yake. Jafeti alikuwa ametugeuzia mgongo, shingo imekaza, amejua kuna jambo na anaogopa kuuliza.

Mama Devota akainua mkono. "Mwache," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Akajiweka sawa kwenye mito, akavuta kanga kichwani. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina la mkwe wake. "Jafeti," akaita.

Yule kijana alishtuka lakini hakugeuka. "Naam, mama."

"Jafeti, mwanangu. Nimekojoa."

Mgongo wake ukaanza kutikisika. Kisha akainama akachukua chupa, akakijaza kikombe mpaka kikamwagikia vidole, akakipitisha nyuma bila kugeuka. Mama Mwajuma alibaki amekaa, mikono yake mapajani. Mama Devota akanyoosha mikono yote miwili, akakipokea.